Muti Moja na Mukwe Yangu

Mimi napanda juu ya miti. Nakata matawi, napunguza kichwa, na muti ikifika mwisho yake naiangusha. Hapa Baraka, kandokando ya ziwa, banasema hiyo si kazi ya mwanamuke. Sikubishana nao hata siku moja, kwa sababu muntu iko juu na musumeno mukononi hana nafasi ya kubishana.

Bwana yangu njo alinifundisha, kule ukimbizini Tanzania, fasi hakukuwa bakwe wala bazee ba kutuangalia. Yeye anapanda, mi nashika kamba chini. Siku moja malaria ikamulalisha, na muti ilikuwa inangoja, nikapanda mimi. Alinitazama kutoka kwenye mukeka yake, akasema neno moja tu: "Kamba yako iko legevu." Hakuniambia nishuke. Tangu ile siku tukawa tunapokezana, na tuliporudi Fizi na kisha kukaa huku Baraka, nilirudi na kazi yangu. Yeye alikufa na ugonjwa ya tumbo. Nasema hivyo kwa sababu bantu banapenda kuuliza kama alianguka. Hakuanguka.

Ngazi, ile michikichi ya mafuta, sipandi. Ngazi ni ya banaume, bazee banasema mwanamuke akiipanda mafuta inakauka. Sijui kama ni kweli. Niliwaachia. Miti mingine yote, kalitusi, avoka, mwembe, ile nyeusi ya kanisani, naipanda.

Sasa niseme juu ya mukwe, kwa sababu bila yeye hakuna habari. Binti yangu ya pili aliolewa na mupanda ngazi ya upande wa Nundu. Kijana muzuri, hanywi sana, mikono yake ngumu kama kisigino. Lakini mukwe ni mukwe. Kwetu mwanaume na mama ya bibi yake habakuli pamoja, habashikani mukono, na kama banakutana njiani mumoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Akitaka kuniambia neno, anaambia binti yangu, na binti ananiambia, hata kama sisi wote watatu tuko kwenye kiwanja kimoja. Miaka tisa sikuwahi kusikia sauti yake ikielekea kwangu. Nilisikia anavyoongea na mbuzi, anavyoomba maji. Mi sikuona shida. Bukwe ni ukuta, na ukuta inakusaidia kulala vizuri. Tulikuwa bantu babili ba kazi moja, na hakuna siku tulipanda kwenye parsele ao kiwanja kimoja.

Tangu ziwa ipande, kazi iliongezeka. Maji iliingia kwenye nyumba za pwani ikakaa, na miti iliyosimama ndani ya maji ikaanza kulainika kwenye mizizi. Juu unaona majani, chini ni uji. Upepo wa kutoka Ubwari ukifika, muti inainama kidogo, kesho tena kidogo, na mwenye nyumba analala na macho wazi.

Mumoja wao akaniita. Alikuwa ametoka tu kubadilisha manjanja, mabati ya nyumba yake, yalikuwa yanang'aa mpaka yanaumiza macho, na juu ya manjanja yale ilikuwa avoka ya marehemu baba yake. Muti mukubwa. Chini kidogo ya urefu wa paa iligawanyika mapaja mawili, kama muntu aliyesimama kwa kichwa. Paja moja liliegemea nyumba, lingine liliegemea ziwa. Majani ilikuwa inaanza kuwa njano lakini ilikuwa bado mingi.

Nilizunguka muti mara tatu. Nikaona kazi: napanda mpaka kwenye panda, fasi mapaja banaachana. Nafunga kamba ndefu juu kabisa ya paja la nyumba. Napunguza matawi. Nashuka. Ndipo bantu bashike kamba, bavute upande wa ziwa, na mi nakata chini, ili paja lile lisiguse manjanja. Kwa kuvuta nilihitaji mikono mingi, na mikono mingi pwani ni bavuvi. Wakati ule mwezi ulikuwa mukubwa, habakuwa banaenda kuvua ndakala, dagaa yetu ya ziwa, balikuwa bamekaa banashona nyavu. Nikachukua kumi na sita hivi. Mukubwa wao alikuwa muzee mumoja mwenye sauti ya ngoma, yule anayeimbisha banapovuta wavu.

Nikawaambia, "Shikeni kamba, lakini musivute. Mutavuta nikishuka."

"Mama, tumesikia," muzee akasema.

Hapo njo nilifanya kosa, na kosa ni yangu. Mbele ya siku ile sikuwahi kupa muntu kamba mukononi nikiwa bado juu. Lakini paja lilikuwa limeinama sana, nikaogopa litacheza wakati napunguza matawi, nikataka banikazie tu. Na sikufikiri kitu kimoja: bavuvi habawezi kukaa na kamba mikononi bila kuimba.

Nilivaa suruali ya bwana yangu chini ya kitenge, sawa siku zote. Nikapanda, nikafunga kamba ndefu juu ya paja la nyumba, nikawatupia mwisho yake, nikarudi kwenye panda, nikapitisha mukaba yangu ya kamba kuzunguka paja la nyumba, nikajifunga kiunoni. Muguu ya kuume nikaweka ndani ya panda, ile fasi inakaa vizuri kama kiti. Nikaanza kukata matawi madogo. Yanaanguka moja moja, bamama banakimbia kuokota kuni. Mumoja akanipigia kelele, sawa mujukuu anavyoita nyanya yake, "Koko, utuachie na avoka mbili!" Nikamujibu, "Kwanza uache kichwa yako hapo chini, utapata avoka." Bakacheka.

Chini ya majani sikuona bavuvi. Nikasikia tu. Muzee alikohoa. Kisha akaita, sauti ndefu, ile ya kuvuta wavu, bila kufikiri, sawa muntu anavyojikuna. Na bale kumi na sita bakaitika.

Kama hujawahi kuvuta wavu, nikuambie ginsi inakuwa. Muzee anaita, bantu banapumzisha mikono. Kisha banaitika wote, na kwenye kuitika njo banavuta. Wanaitika, banavuta. Anaita, banalegeza. Na mukianza, hamuachi katikati, mpaka wavu ifike muchangani. Hata mupita njia akiona kamba anashika, kwa sababu mwenye kushika anapata samaki. Kwa hiyo balivuta, paja lote likaenda upande wa ziwa na mimi juu yake. Nikapiga kelele. Nani alisikia? Muzee akaita tena, bakalegeza, paja likarudi upande wa nyumba na uzito wake wote, na panda ikapasuka. Nilisikia chini ya unyayo, kama muntu anapasua muhogo mubichi. Ufa ukafunguka, muguu yangu ikateremuka ndani mpaka juu ya kifundo. Bakaitika. Bakavuta. Ufa ukafunga.

Sitaandika nilisema nini. Batoto balikuwepo.

Safari hii balisikia. Wimbo ikakatika, na mumoja akataka kuachia kamba. Nikalia, "Musiachie! Asiachie hata mumoja!"

Kwa sababu nilishaelewa fasi niko. Paja lile lilikuwa limebaki kwa ngozi tu. Kamba yao njo ilikuwa inalishikilia. Bakiachia, ufa utafunguka, muguu itatoka, na sekunde ileile paja litaangukia nyumba, na mimi nimejifunga juu yake na mukaba. Bakiendelea kushika, ufa unabaki umeuma muguu yangu. Kukata mukaba sikuweza: musumeno ulishanitoka mukononi ukaanguka, panga ilikuwa nyuma kiunoni chini ya fundo, na fundo lilikuwa limekazwa na uzito yangu. Kwa hiyo tulikuwa bote mutegoni. Mi juu, bao chini na maji ya ziwa kwenye magoti, kwa sababu pwani haina tena muchanga ya kusimama. Habakuweza kuvuta zaidi, habakuweza kuachia.

"Mama, manjanja yangu!" mwenye nyumba akalia kutoka mulangoni.

"Na muguu yangu nani atanibadilishia?" nikamujibu.

Bakaanza kunishauri. Bamama bakasema niombe. Mwingine akasema niteme mate kwenye ufa, ilainike. Mwingine, mwenye mudomo, akasema, "Koko, ukae tu, musimu ujao utazaa!" Nikamuambia zamu yake ya kucheka itafika. Kisha nikasikia mumoja wa bavuvi anasema chini chini, "Mikono inaisha."

Muzee akapaza sauti: "Mama, kuna muntu ya kupanda anaweza kukusaidia?"

Nilijua kinachotakiwa. Muntu apande paja la ziwa, lile zima, abebe kamba nyingine, afunge mapaja mawili pamoja juu ya kichwa yangu. Aache nafasi ya kiganja kimoja tu. Hapo bavuvi balegeze ile kiganja, ufa ufunguke kidogo, muguu itoke, na paja libaki limeshikwa na mwenzake. Ni kazi ya muntu anayejua kupanda na kufunga. Mwenzangu ya kushika kamba alikuwa amesafiri Lulimba kwa ndugu yake. Nikasema, "Pwani hakuna."

Kisha muzee akasema polepole, "Mama, iko. Lakini ni mukwe yako."

Alikuwa kwenye mukia wa kamba. Alikuja Baraka asubuhi na vidumu yake ya mafuta, akapita pwani, akasikia wimbo, akaona kamba, akashika, sawa kila mupita njia. Hakujua nani iko juu. Waliniambia kwamba alipoona kitenge changu kati ya majani aligeuka mara moja, akaendelea kushika kamba na mugongo. Muda yote ule nilikuwa naning'inia, yeye alikuwa amenipa mugongo, anatazama ziwa.

"Hapana," nikasema.

"Mama—"

"Nimesema hapana. Apande aone miguu ya mama mukwe? Kisha binti yangu ataishi naye vipi? Batoto bao bakitetemeka mikono, nani atajibu?"

Hiyo ni jambo kila muntu pale aliijua. Mukwe akiona uchi ya mama ya bibi yake, ubaya haumushuki yeye, unashuka kwa batoto. Nina bajukuu batatu kwa ile nyumba. Nilianza kuhesabu vidole vya muguu kwa akili, nivicheze kimoja kimoja. Viwili habikunijibu. Kisha hakuna hata kimoja kilinijibu. Jua lilikuwa juu ya manjanja, mwanga unanipiga usoni kutoka chini, na mukaba unakata mbavu. Nikafikiri: nikifa hapa binti yangu atalia mwaka. Nikishuka na aibu atalia pia, lakini atakuwa na mama ya kugombana naye.

Mwanamuke mumoja chini akavua kitenge chake cha pili akanitupia, mara ya tatu nikashika. Nikakizungusha miguuni juu ya suruali, nikafunga vizuri mpaka chini. Kisha nikasema, "Muambieni apande. Lakini muzee, wewe njo utakuwa mudomo. Asiniambie neno."

Alipanda bila viatu, haraka, kamba begani, panga kiunoni. Nilisikia pumzi yake inakaribia upande wa pili wa majani. Nikageuza uso upande wa nyumba. Yeye akageuza upande wa ziwa. Kati yetu hakukuwa hata mita moja, na tulikuwa tunaongea kupitia muzee aliyesimama mbali ndani ya maji.

"Muulizeni mama," mukwe akasema, "afunge juu ya kichwa yake ao chini?"

"Mama! Anauliza, afunge juu ao chini?"

"Muambieni juu. Mara mbili. Na asifunge kama anafunga mbuzi."

"Anasema juu, mara mbili, na usifunge kama mbuzi!"

Bamama bakacheka, mi sikucheka. Nilisikia kamba inapita kwenye ganda, inazunguka, inakazwa. Alifunga vizuri. Ningependa kusema alifunga vibaya, lakini alifunga vizuri kuliko mimi.

"Muambieni mama, nikisema, avute muguu juu, si pembeni."

"Mama, akisema, uvute juu—"

"Nilisikia!"

Muzee akawapanga bavuvi. Kulegeza kidogo, kiganja kimoja, kusimama. Bakalegeza. Kamba mupya ikalia, mapaja yote mawili yakalia, na ufa ukafunguka kidogo sana. Nikavuta. Muguu haikuja. Ilikuwa imekufa, sikujua hata kama navuta. Na hapo bavuvi bakapiga kelele wote mara moja, mumoja alikuwa ameteleza, na sauti ya muzee ikamezwa.

"Mama, vuta!"

Ilikuwa sauti ya mukwe. Ilikuja moja kwa moja kwenye sikio langu. Na mi sijajibu bado, mukono yake ikaingia ndani ya ufa, ikanishika kisigino, ikasukuma. Muguu ikatoka na ngozi ikabaki. Akanipitisha mukia wa kamba yake chini ya makwapa, akakata mukaba yangu na panga yake, akaniteremusha kama kidumu cha mafuta. Chini bamama bakanipokea. Yeye alibaki juu, uso kwenye ziwa, mpaka baliponibeba nyuma ya nyumba. Kisha njo alishuka, akaenda zake bila hata kuchukua vidumu vyake. Manjanja hayakuguswa. Mwenye nyumba alisema asante kwa Mungu.

Muguu, muganga alisema mifupa miwili ya kifundo ilivunjika. Iliunga vibaya. Natembea na fimbo, na kupanda, hapana tena. Kwa miezi minne nilikaa ndani ya parsele yangu naangalia ukuta ya matofali. Bantu bakaja kuniomba niende kuangalia muti fulani, nikasema mukamuite mukwe. Na muntu ambaye hapandi tena anagundua nyumba yake ni ndogo. Mulango, kitanda, jiko, mulango. Binti yangu alikuwa anakuja kutoka Nundu na moto, ile pikipiki, kila wiki, kunifulia, kunipikia, kisha anarudi kwa batoto. Nilimuona anakonda. Bwana yake, mwenye nguvu ya kubeba maji na kuni, alikuwa anamuleta mpaka barabarani na kusimama pale, mbali na geti, kwa sababu yangu.

Bazee ba familia zote mbili bakakaa. Bakasema bukwe ilivunjika juu ya muti na bantu balishuhudia, haiwezi kuachwa hivyo, itakuwa kama jeraha bila kitambaa. Kuna njia mbili. Tuifunge tena: kila mumoja anatoa kuku, inaombewa, na tunarudi kila mumoja nyuma ya ukuta yake mpaka kufa. Ao tuifungue: tunakula sahani moja mbele ya bazee, na kutoka pale ananiita mama na mi namuita mutoto, anaingia kwangu, anatoka.

Nikasema tufunge. Nilisema haraka, bila kufikiri. Binti yangu aliinama akaanza kufunga nguo zangu chafu ndani ya kitenge, za kwenda kufua kwake, na nikaona mikono yake, imekonda na kuchubuka na sabuni. Mukubwa wa familia akauliza mara ya pili, kama inavyotakiwa. Nikatazama ile mikono inakaza fundo. Aliuliza mara ya tatu. Nikasema basi, fungueni.

Bakaleta mukeka moja, sahani moja, bugali na mikebuka, samaki ya ziwa. Alikaa mbele yangu. Mara ya kwanza katika miaka tisa nikaona uso yake wote: ana kovu kwenye kidevu, sikuijua. Hakuna aliyetaka kutangulia mukono. Bazee banangoja. Bugali inapoa. Kutoka pale mukekani singeweza kusimama bila muntu kunishika, fimbo ilikuwa kwa binti. Nikakata tonge, nikachovya, nikakula. Na yeye akakula. Tulikula mpaka nusu ya sahani.

Kisha akameza, akaniangalia machoni, akasema kwa sauti ndogo lakini bazee bote balisikia:

"Mama, ile muti ulianza vibaya. Ulipashwa kwanza kufunga mapaja, kisha njo upe bantu kamba."

Alikuwa na haki, na kila muntu pale alijua ana haki. Nikageuka kumuangalia binti yangu, ili amupelekee jibu langu. Binti akainamisha macho kwenye sahani, na nikakumbuka kwamba sasa jibu lazima litoke kwangu mwenyewe, mpaka kwake, bila muntu katikati.

"Najua," nikamuambia.